Soketi ya Mama Byron

Mirumbe hakuwa mtu wa kukaa. Robi, mke wake, aliwaambia wageni waliofika nyumbani kwao Migori kwamba mume wake hula amesimama dirishani, sahani mkononi, kama mtu anayengoja kuitwa. Kanisani alichagua ukingo wa benchi, karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka alitoka nje kuangalia kama nyaya za spika zimekaa sawa. Majirani walisema mama yake alimzalia juu ya siafu. Mwenyewe alijitetea kwamba ni kazi. Fundi wa umeme akizoea kukaa atasinzia, na umeme hausinzii.

Wala hakuzaliwa penye umeme. Ntimaru alikokulia kulikuwa na ng'ombe, mahindi na vijia vya kuvukia Tanzania. Balbu ya kwanza aliiona akiwa na ndevu tayari, katika duka moja la Migori, akaikodolea macho mpaka mwenye duka akamuuliza kama anataka kununua ama anataka kuwa kipofu. Akaingia kwa mkandarasi mmoja kubeba ngazi. Alibeba ngazi miaka sita, huku akiiba ujuzi kwa macho, hadi akawa fundi bila mtu kumtangazia.

Halafu siku moja, akiwa juu ya ngazi, mwenye nyumba alipaza sauti kutoka ndani: "Nimezima, fundi!" Mirumbe akaamini. Kumbe mtu yule alikuwa amezima ya sebuleni. Mirumbe alizinduka akiwa chini, watu wamemzunguka, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vimeungua na kujikunja. Havikunyooka tena. Alipotoka hospitali aliapa mambo mawili: hatashika waya ambao hakuupima kwa mkono wake, na hatamwacha mtu mwingine ashike waya yeye akiwa hapo. Kiapo hicho kilikuwa na miaka kumi na mmoja alipokwenda Homa Bay kwa Mama Byron, na alirudi hana nusu yake.

Ilikuwa Aprili ya mwaka 1996, mvua za masika zimeshika. Abdirashid, aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme mjini Migori, alimwambia kuna mama ametoka Homa Bay kutafuta fundi. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja: kuondoa taa ya nje kwenye veranda, na mahali pale pale kuweka soketi ya nje, ile yenye kifuniko cha kuzuia mvua, apate kuwasha friza.

"Kwani Homa Bay mafundi wameisha?" Mirumbe akauliza.

"Hata mimi nimemuuliza hivyo. Amesema wote wako bizi."

Mtu mwingine angeuliza swali la pili. Mirumbe alikuwa amekwisha kuweka mfuko wa vifaa begani.

Nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji, chini ya kilima cha Asego, ndani ya boma lenye ua wa minyaa na nyumba nyingine mbili. Mama Byron, jina lake Felgona, alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya kukata maneno. Friza ilikuwa imesimama kwenye veranda, imefunikwa nailoni. Alikuwa ameinunua kwa mwalimu aliyehamishwa, akaileta kwa mkokoteni, na ilipofika ikagoma kupita mlangoni.

"Mlango unaweza kupanuliwa," Mirumbe akasema, tayari akiupima kwa viganja.

"Mlango uache. Wewe weka soketi."

Taa yenyewe ilikuwa pembeni mwa mlango, juu, kwenye ukuta: kioo cha mviringo kilichojaa mbu waliokufa, na kitako cha chuma chenye kutu. Mirumbe aliuliza friza inakula umeme kiasi gani, akainama kusoma kibati nyuma yake, akaridhika. Waya wa taa ni mwembamba lakini ungeibeba friza hiyo moja. "Lakini pasi usichomeke hapa hata siku moja, wala jiko. Umesikia mama?" Akavuta meza chini ya taa. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limeanza kuwa jeusi, na alitaka kumaliza kabla halijafika. Mguu mmoja ulikuwa juu ya meza aliposikia mtu akikohoa nyuma yake.

Alikuwa ni mzee wa makamo aliyevaa koti juu ya fulana, amesimama langoni. Felgona akasema kwa Kiswahili, ili fundi asikie, kwamba huyo ni Ogwang', shemeji yake, mkubwa wa marehemu mume wake.

"Fundi," Ogwang' akasema kwa upole. "Wewe ni mtu wa wapi?"

"Ntimaru, mzee. Mkuria."

"Umeoa?"

"Nimeoa."

"Na mama watoto anajua leo unatengeneza nyumba ya mjane?"

Mirumbe akashusha mguu. Ogwang' akamweleza bila haraka, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Cephas, mwenye nyumba hii, alikuwa amezikwa mwaka juzi, pale nyuma. Mjane wake alikuwa hajarithiwa. Na nyumba ya mjane ambaye hajarithiwa haiguswi: haipigwi msumari, haizibwi inapovuja, haipanuliwi mlango. Mwanamume anayeitengeneza ndiye ameingia, hata kama amelala kwake Migori. Kama si mtu wa ukoo, basi ni yule mgeni wa kukodiwa ambaye wazee walimtumia zamani kumtoa mjane mkosi, ndipo ukoo umchukue. "Majirani wamekuona umevuta meza. Kesho watauliza kama ni wewe."

Mirumbe alimwona akilini Robi akipelekewa habari hizo sokoni, zikiwa zimeongezwa chumvi. Wakuria nao wana miiko yao, na alijua kwamba ukifika nchi ya chongo nawe hufumba jicho. Sasa alielewa kwa nini mafundi wa Homa Bay walikuwa bizi. Alimgeukia Felgona kwa hasira.

"Mama, si ungeniambia?"

"Ningekuambia ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Basi."

Ogwang' hakuwa mtu mbaya, na ni haki isemwe. Yeye ndiye aliyebaki kichwa cha boma, na mtoto yeyote akiugua hapo, yeye ndiye aliyeulizwa kimevunjwa nini. Wazee walikuwa waje Jumamosi kumtafutia Felgona mwanamume wa kumrithi. Lakini Ogwang' alikuwa pia ametoa neno mbele yao: mjane anayejilisha na kujisimamia hawatamsukuma, ila anayelishwa na boma atafuata ya boma. Friza ile ndiyo iliyokuwa jibu la Felgona. Angeuza soda baridi na barafu kwa akina mama wa samaki. Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Yuora," Felgona alimwambia shemeji yake, na sauti yake ilishuka. "Sababu unaijua. Cephas alikonda mwaka mzima. Nyinyi mkasema ni chira, ugonjwa wa kuvunja mwiko. Daktari akaniambia ingine, na mimi nikakuambia. Sitaki kuzika mtu mwingine wa hii boma."

Ogwang' alitazama chini, akasugua udongo kwa kiatu. "Mimi sijakataa friza," akasema hatimaye. "Nimekataa mwanamume kugusa nyumba. Hiyo taa mimi na marehemu tuliiweka na mikono yetu. Hii nyumba iko na wenyewe."

Mirumbe alikuwa akikusanya vifaa. Aliweka koleo, akaweka bisibisi, akaweka soketi ikiwa bado kwenye boksi lake. Felgona alimtazama mpaka alipofunga mfuko.

"Fundi. Mkono wako uko na mwiko. Mdomo wako pia uko na mwiko?"

Mirumbe akamtazama Ogwang'. Ogwang' akatazama minyaa. Katika miiko yote aliyoifahamu mzee, na aliifahamu mingi, hakukuwa na mmoja uliohusu mdomo wa fundi.

"Mwanamke hapandi juu ya nyumba," Ogwang' alijaribu.

"Mimi sipandi nyumba, yuora. Napanda meza."

Ndivyo Mirumbe alivyowekewa kreti ya soda langoni, hatua ishirini kutoka veranda, akaambiwa akae. Mfuko wake ulibebwa na Felgona. Ogwang' alisimama kando yake, mikono nyuma, kuhakikisha kwamba fundi hasogei.

Kwa Mirumbe hiyo ilikuwa adhabu ambayo hakimu asingeiwaza. Alikaa, akasimama, akakaa. Si siafu wa kuzaliwa nao tu. Aliogopa. Kiapo chake cha pili kilikuwa kinavunjwa mbele ya macho yake, na mtu ambaye hajawahi kushika waya alikuwa anapanda juu ya meza kwa kuamini sauti yake. Aliviminya vidole vyake vilivyopinda kwa mkono wa kulia mpaka vikauma.

"Kwanza washa taa, tuone umeme upo," aliita. Taa ikawaka, hafifu mchana ule. "Sasa, mama, nyuma ya mlango ndani kuna swichi kubwa, karibu na mita. Zima hiyo. Si ya taa. Hiyo kubwa."

Felgona aliingia ndani. Taa ikazima. Akatoka haraka, jicho lake likiwa kwenye wingu lililokuwa limefika kilimani, akapanda meza, akafungua kioo, akatoa balbu. "Imezima!" akasema, na mkono wake ukaenda kwenye nyaya.

"Ngoja!"

Mirumbe alikuwa amesimama, kreti imepinduka. Ogwang' alimshika bega.

"Umezima gani?"

"Si ya taa? Taa imezima, unaiona. Mvua inakuja, fundi."

"Taa ndiyo imezima. Waya hatujui. Chukua ile bisibisi ndogo ya kioo, hiyo inaitwa testa. Kidole kimoja nyuma yake, kwenye chuma kidogo. Usishike kwingine. Gusisha ncha kwenye waya mwekundu."

Felgona akagusisha. Ndani ya testa kikawaka kitaa chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Hata kutoka langoni Mirumbe alikiona.

Felgona aliutoa mkono polepole, akashuka mezani, akakaa juu ya friza.

"Hiyo testa yako ni mbovu," Ogwang' akasema.

"Si mbovu, mzee. Swichi ilifungwa kwenye waya mweusi, ule unaorudisha umeme. Ilitakiwa ifungwe kwenye mwekundu, ule unaoleta. Hapa ukizima, taa inazima kweli, lakini moto umebaki pale pale kwenye waya, unangoja mtu. Ni kama kufunga mlango wa nyuma ukaacha wa mbele wazi." Kisha, kwa mazoea ya ufundi, kabla hajaukumbuka ulimi wake, akauliza: "Nani aliweka taa hii?"

Swali hilo Ogwang' alikuwa amekwisha kulijibu kabla halijaulizwa.

"Kila Jumamosi mimi hupanguza hiyo taa," Felgona akasema. Hakuwa akimwambia mtu. "Na kitambaa ya maji, mpaka huku nyuma kwa chuma. Nazima kwanza, halafu napanguza. Cephas mwenyewe alinifundisha. Alisema, zima kwanza."

"Miaka mingapi, mama?"

"Tisa."

"Yawa!" Ogwang' akasema, na mkono wake ukatoka kwenye bega la fundi.

Mirumbe angeweza kutembea sasa. Hakuna aliyekuwa akimshika. Alizitazama zile hatua ishirini, akamtazama mwanamke aliyekaa juu ya friza, na akaona kwamba akienda, kazi itamalizika kwa nusu saa na Jumamosi wazee watapata la kusema. Akaisimamisha kreti yake, akakaa.

"Mama Byron. Ingia tena. Zima ile kubwa. Ukitoka, usiniamini mimi, usiamini swichi, usiamini macho yako. Amini testa."

Safari hii Felgona hakukimbia. Alizima, akatoka, akapima: giza. Mirumbe akamwambia apime tena, na tena kwenye waya mweusi, na yeye akapima bila kununa. Ndipo kazi ikaanza. Alilegeza skrubu za kitako, akakinyofoa na kutu yake. Akaambiwa atoe waya wa kijani mfukoni, auanzie pale kwenye taa, aushushe ukutani, aupitishe chini hadi kwenye fito ya shaba iliyochimbiwa nje, chini ya ukuta wenye mita, aukaze hapo kwa koleo kwa nguvu zake zote. "Huo ndio wa kukulinda. Marehemu hakuuweka kwa sababu taa haikuudai. Friza inaudai." Akaingia ndani, ambako fundi hakumwona kabisa, akafungua swichi ya taa na kuziunganisha nyaya mbili zilizokuwa ndani yake, ili umeme wa friza usipitie swichi hiyo tena, huku akipaza sauti kueleza kila anachokiona, naye Mirumbe akijibu kwa sauti, macho ameyafumba ili aone vizuri zaidi. Jirani mmoja aliyekuwa akipita na debe la maji alisimama nje ya ua kushangaa Mkuria anayeipigia kelele nyumba.

"Mwekundu upande gani?"

"Kuna herufi nyuma ya soketi. L."

"Na mweusi ni N. Na kijani hii alama kama mti umepinduliwa."

"Hapo hapo. Kaza. Vuta kila waya uone kama unatoka. Umetoka?"

"Haujatoka."

"Vuta tena."

Tone la kwanza la mvua lilimpiga Mirumbe kwenye paji la uso. Hakulipangusa. Felgona alipachika mpira wa kuzuia maji nyuma ya soketi, akakaza skrubu nne, akafunika kifuniko, akakifunua, akakifunika. Kisha akashuka, akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu, akamwangalia fundi.

"Washa," Mirumbe akasema.

Aliwasha. Akarudi na testa, akaiingiza kwenye tundu la kulia, kitaa kikawaka. Akaingiza kwenye la kushoto, hakikuwaka. Akafanya hivyo mara tatu, bila kuambiwa. Ndipo akachomeka friza. Ilikohoa, ikatikisika, ikatulia, na kwenye veranda ile kukawa na mngurumo wa chini ambao ulisikika mpaka langoni, hata mvua ilipoanza kupiga mabati.

Mirumbe akagundua kwamba alikuwa amekaa. Alikuwa amekaa kwa muda mrefu, na maji yalikuwa yanamtiririka mgongoni.

Felgona alikuja langoni kwenye mvua, taa ya zamani mkononi, kioo na kitako chake. Alimpa Ogwang'. "Yuora, hii ni yenu."

Ogwang' aliipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza kitako, akazitazama skrubu ambazo pengine alizikaza mwenyewe, akaonekana kama mtu anayetafuta pa kuweka kitu asipaone. "Jumamosi wazee wakija, niwaambie nini?"

"Waambie waje. Soda itakuwa baridi."

Mzee hakucheka, wala hakukasirika. Alisimama na ile taa, mvua ikimlowesha koti, mpaka Mirumbe akafikiri mambo yameisha na akainuka kuchukua mfuko. Ndipo Ogwang' akasema, kwa sauti ndogo iliyokuwa karibu kuzama ndani ya mvua:

"Fundi, kwangu kuna taa kama hii. Tuliweka siku moja na Cephas. Mama watoto pia hupanguza na maji."

"Twende tuipime sasa hivi," Mirumbe akasema, na mwili wake ulikuwa tayari umeelekea huko. Akanyoosha mkono kwa Felgona apewe testa.

Ogwang' akatikisa kichwa. Alikuwa anamtazama Felgona, si fundi. Mjane ambaye hajarithiwa haingii nyumba ya mtu, na tangu siku ya mazishi Felgona alikuwa hajakanyaga ndani ya nyumba yoyote ila yake. Hata harusi ya binti ya Ogwang', iliyofanywa humo humo bomani, aliisikiliza kutoka veranda yake. Wote watatu walilijua hilo, hata Mirumbe, aliyelijifunza asubuhi ile tu kutokana na namna wenzake hao walivyokuwa wakisimama, kila mmoja mbali na mlango wa mwingine.

"Wewe utakaa nje useme," Ogwang' akamwambia fundi. Kisha akamgeukia mjane wa ndugu yake. "Yuora, kuja na testa."

Walikwenda kwenye mvua, Ogwang' mbele na taa yake, Felgona nyuma yake, Mirumbe mwisho na kreti. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na haraka ya kumpita mtu. Ogwang' alifungua mlango, akasogea kando. Felgona alifuta miguu kizingitini, mmoja, halafu wa pili, halafu ule wa kwanza tena, akaingia.